Kuomba kwa Zaburi ya 3 Mtoto Uliyemzaa Anapokugeuka

Mzazi ambaye mtoto wake amekata mguu nyumbani, hapokei simu wala haonekani hata kwenye msiba wa ukoo, mara nyingi huambiwa na ndugu wa imani kwamba aamini tu, mtoto atarudi. Maneno hayo hutolewa kwa upendo, lakini humwongezea mzigo, kwa sababu mtoto asiporudi mzazi huanza kujilaumu kwamba imani yake ni haba. Kwa hiyo, kabla ya kushika ahadi yoyote, chunguza ni nani aliyeahidiwa, na aliahidiwa nini. Mithali 22:6, kwa mfano, isemayo kwamba mtoto aliyelelewa katika njia impasayo hataiacha hata atakapokuwa mzee, ni neno la hekima kuhusu malezi. Si hati ya kumdai Mungu, wala si hukumu juu ya mzazi aliyelea kwa bidii yake yote.

Ahadi ninayoipendekeza imo katika Zaburi ya 3, ambayo kichwa chake chasema ni ya Daudi alipomkimbia Absalomu, mwanawe. Soma kwanza 2 Samweli 15, upate kujua maneno hayo yanahusu nini. Utamkuta kijana huyo anayeiiba mioyo ya watu wa Israeli ili autwae ufalme, na baba yake, mfalme Daudi, akipanda Mlima wa Mizeituni huku analia, amejifunika kichwa, hana viatu. Ukitoka hapo, mstari wa tatu unaomwita Bwana “mwinua kichwa changu” utakugusa kwa namna nyingine, maana kichwa kinachoinuliwa ni kile kilichofunikwa kwa sababu ya fedheha iliyotoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Isome zaburi hiyo kwa sauti usiku, kabla ya kulala. Usiiruke mistari miwili ya kwanza, yenye malalamiko. Taja hapo jina la mtoto, na yataje pia maneno ya watu yaliyokuchoma, kwa kuwa Daudi naye aliyarudia mbele za Mungu maneno ya waliosema kwamba hana wokovu. Kisha tulia kwenye mstari wa tano: “Nalijilaza nikalala usingizi, nikaamka, kwa kuwa Bwana ananitegemeza.” Hapo Daudi hataji kurudishiwa kiti cha enzi wala mwana, anataja usingizi na kuamka. Omba hicho usiku huu, na ukiamka umshukuru Mungu, hata kama simu bado haijaita.

Sina budi kusema kwamba Absalomu hakurudi. Aliuawa wakati wa vita katika msitu wa Efraimu, na baba yake alimlilia akitamani afe yeye badala yake. Yoabu, jemadari wa jeshi la Daudi, alimkemea mfalme kwa kilio hicho, lakini hatusomi popote kwamba Mungu alimkemea. Basi nawe usione haya kulia.

Endelea kumwombea mtoto, na ukimwandikia, ujumbe uwe mfupi wa kumjulia hali, usio na aya za kumhukumu. Mshirikishe mchungaji au mzee wa kanisa anayetunza siri, badala ya kulitangaza jambo hilo kwenye kundi la maombi, kwa maana mtoto akilisikia huko atazidi kwenda mbali. Na kama anakupiga au kukutishia maisha, ondoka na utafute ulinzi wa ndugu na wa polisi bila kujiona umepungukiwa imani; Daudi mwenyewe aliondoka Yerusalemu kwa haraka, ndipo akaomba.