Kabla hujakodi fremu ndani ya mall

Mimi ni fundi cherehani hapa Ohio. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mall iliyokuwa inakufa, sitaki yakukute.

Nenda Jumanne saa nane mchana, si Jumamosi. Anza na yale maduka makubwa ya mwisho wa ukumbi, ndiyo yanayovuta watu. Likifungwa moja, mikataba mingi huruhusu wapangaji wengine kupunguziwa kodi au kuondoka. Kidai kipengele hicho, kiandikwe.

Kisha tembea taratibu ukitazama dalili za mall inayokufa: ndoo chini ya dari inayovuja, eskaleta imezungushiwa utepe, kivuli cha herufi za jina la duka zilizong'olewa ukutani.

Mall ya Randall Park, karibu na Cleveland hapa Ohio, ilifunguliwa 1976, kubwa ajabu. Ilifungwa 2009, leo pana ghala la Amazon.

Omba mkataba wa miezi sita tu.