Somo: Kuotesha shaba juu ya kaboni ya betri

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, hivyo naliandika mara moja ili kila atakayeuliza aelekezwe hapa.

Toa kijiti cha kaboni katika betri kubwa ya tochi. Yeyusha majini mrututu (salfeti ya shaba), ambao wakulima wa kahawa hapa Moshi wanaufahamu vizuri, hadi maji yawe ya buluu iliyokolea. Vaa glavu, kwani ni sumu. Ndani ya maji hayo, kaboni iwe upande wa hasi wa chanzo cha umeme, waya wa shaba upande wa chanya.

Kabla ya kuunganisha, sugua kaboni kwa msasa laini. Shaba haishikamani na kaboni kwa urahisi: atomu za kwanza hujikusanya kwenye kingo na mikwaruzo, zikafanya visiwa vidogo ambavyo hukua hadi vikagusana.

Hatua niliyoiharibu mimi ni ya mkondo wa umeme. Nilitumia betri ya gari ya volti 12 bila rezista (kifaa cha kupunguza mkondo), na baada ya dakika mbili kaboni ikavaa manyoya ya kahawia ambayo, nilipoisuuza, yalibaki majini kama masizi. Ayoni, yaani chembe za shaba zenye chaji zilizo majini, zilizokuwa jirani na kaboni zilikwisha kabla za mbali hazijafika, kwa hiyo ncha zilizochomoza ndizo zilizopata shaba, zikazidi kuchomoza. Usizidishe miliampea 10 kwa kila sentimita ya mraba. Kijiti cha unene wa milimita 8 kilichozama sentimita 3 kitahitaji takriban miliampea 80, na saa nzima italeta gramu 0.1 tu ya shaba. Vumilia.

Swali: Mwalimu, nimefuata yote lakini imetoka nyeusi. Natumia chaja ya kompyuta.

Jibu: Hukufuata yote. Soma tena aya ya mkondo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, visiwa hivyo huzaliwa vyote kwa pamoja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Volteji ikiwa kubwa, huzaliwa karibu vyote mara moja. Ikiwa ndogo, vingine huzaliwa wakati vya kwanza vinaendelea kukua, na kwa kioo cha kukuzia utaona vikubwa na vidogo vimechanganyikana. Jaribu kupandisha mkondo kwa sekunde moja au mbili, kisha uushushe: utapata mbegu nyingi zinazokua taratibu, na tabaka laini zaidi.

Swali: Yangu ina mabaka ingawa nimesugua.

Jibu: Kaboni za betri mara nyingi hulowekwa nta. Ichome juu ya mkaa, nje ya nyumba, hadi moshi uishe. Ikipoa, isugue upya na usiiguse kwa vidole.

Swali: Maji yaliyobaki nimwage mferejini?

Jibu: Hapana kabisa, shaba huua samaki. Yatie katika chupa yenye maandishi ya onyo uyatumie tena, kwa kuwa waya wa shaba huyarudishia ayoni kadiri kaboni inavyozichukua.