Waholanzi hotelini tarehe 4 na 5 Mei: jinsi ya kuwapokea

Ukiwa na wageni Waholanzi hapa Moshi mwanzoni mwa Mei, tarehe hizi ziandike kwenye daftari la mapokezi. Ya 4 wanawakumbuka waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia na katika vita na operesheni za amani zilizofuata. Ya 5 wanasherehekea kukombolewa mikononi mwa Wajerumani, 1945. Ni kama Mashujaa yetu ipakane na Uhuru.

Kubwa ni saa. Wao hunyamaza dakika mbili saa mbili usiku kwao, yaani saa tatu kamili kwetu, baa ikiwa ndiyo kwanza imechangamka. Mimi saa tatu kasorobo nazima muziki, namwambia mama wa jikoni aache blenda, na jenereta likinguruma nawahamishia wageni baraza ya nyuma. Bando nanunua mchana, waone mfalme wao akiweka shada la maua uwanja wa Dam, Amsterdam. Tarumbeta ikilia, mhudumu asimame alipo, hata kama ana trei mkononi. Glasi zitakusanywa wimbo wa taifa ukiisha.

Mapambo ya rangi ya chungwa yafungieni stoo. Hayo ni ya mpira na ya siku ya mfalme, 27 Aprili. Bendera yao ina nyekundu juu, nyeupe katikati, buluu chini. Jioni ya tarehe 4 ipandishe kwanza hadi juu kabisa, ndipo uishushe nusu mlingoti.

Mzee akianza kusimulia baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945, iliyoua watu zaidi ya 20,000, vuta kiti usikilize; bili itasubiri. Wageni Wajerumani nao wapo? Waarifu mapema kitakachofanyika, wachague wenyewe. Usiwapangie meza ya pembeni, ni aibu.

Tarehe 5 bendera inapanda hadi juu. Kwao siku hiyo watu hukaa meza moja, hata wasiojuana, wakanywa supu. Sisi Wachaga tutafute nini tena? Pika mtori: ndizi mshare, nyama ya mifupa, upondwe mpaka ulainike. Unga meza ziwe moja ndefu, na wahudumu wakae pia. Muziki ruksa, ila wanaopanda mlima kesho yake kupitia Machame waagize chai ya alfajiri kabla hawajaanza kucheza.