Jinsi ya kulitumia neno "saa" bila kumpoteza mtu

Neno hili ni fupi na linabeba mengi: chombo cha ukutani au cha mkononi, wakati maalumu wa siku, na muda wa dakika sitini. Anayesema "saa mbili" huenda anataja wakati, huenda anataja muda, huenda ana saa mbili za mkono mfukoni. Kinachotofautisha ni maneno yanayolizunguka, na hapo ndipo pa kuwa makini.

Tuanze na kusoma chombo chenyewe. Hesabu ya Kiswahili huanza jua linapochomoza na kuanza tena linapotua. Mombasa haiko mbali na ikweta, kwa hiyo kuchomoza kwa jua hakupishani hata saa nzima tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake, na hesabu hii haiyumbi. Namba zilizochapishwa kwenye uso wa saa zinahesabu kutoka usiku wa manane na adhuhuri, ndiyo maana zinapishana na ulimi wetu kwa sita. Njia nyepesi ya kumfundisha mtoto ni kuitazama akrabu fupi, yaani mshale wa saa, kisha kuifuata upande wa pili wa duara. Kichwa kikielekea 7, mkia unaelekea 1: hiyo ni saa moja. Kichwa kwenye 10, mkia kwenye 4: saa nne. Akrabu ndefu ya dakika usiigeuze, isome ilivyo. Wengi wanaoanza hukosea hapa, kwani hugeuza zote mbili, na saa tatu u robo ikawa saa tatu kasorobo.

Kwa simu yenye tarakimu za saa 24, fanya hivi. Kuanzia 00:00 hadi kabla ya 07:00 ongeza sita, na kuanzia 07:00 hadi kabla ya 19:00 toa sita. Kutoka 19:00 kwenda mbele toa kumi na nane. 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, 16:30 ni saa kumi u nusu alasiri, 22:00 ni saa nne usiku. Nusu ikishapita, hesabu dakika zilizobaki kufikia saa inayofuata: 08:45 ni saa tatu kasorobo, 08:50 ni saa tatu kasoro dakika kumi. "Saa mbili na dakika arobaini na tano" si kosa, ila masikioni mwa mtu wa Pwani inasikika kama tangazo la redioni.

Wapenzi wa mpira wana njia ya mkato. Wakati ukitangazwa kwa GMT, toa tatu tu, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa tatu na Kiswahili kinarudi nyuma kwa sita. Mechi ya saa 15:00 Uingereza majira ya baridi ni saa kumi na mbili jioni huku kwetu. Wao wakishasogeza saa zao mbele majira ya joto, mechi hiyo hiyo tunaitazama saa kumi na moja.

Usitaje saa bila kutaja sehemu ya siku. Ukienda Mwembe Tayari kukata tiketi ya basi ukasema "la saa nne", karani mzuri atakuuliza, "Asubuhi au usiku, mama?" Asiyeuliza anaweza kukukatia lisilo lako. Hatari kubwa zaidi ni tiketi za baada ya saa sita usiku. Ikiandikwa Jumamosi 12:30 AM, maana yake ni saa sita u nusu ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Abiria anayetokea Jumamosi usiku na mabegi yake basi lake limeshaondoka jana. Karani akikusomea tiketi, mwambie akutajie siku mbili: unayotoka na unayoamkia.

Hilo la kuamkia lina uzito zaidi kwenye kadi za harusi na maulidi. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo wazee wengi wa Mji wa Kale bado wanaitumia, siku mpya inaingia magharibi. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee ni Alhamisi baada ya magharibi, na kwa kijana aliyezoea kalenda ya ofisini ni Ijumaa baada ya kazi. Wote wawili wako sahihi, na mmoja wao atakuta ukumbi mtupu. Andika "Alhamisi kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha", kisha ongeza saa. Neno moja zaidi kwenye kadi ni rahisi kuliko simu hamsini za kuuliza.

Sasa saa kama muda. Tazama kitenzi: "saa mbili imepita" ni wakati, kwa hiyo umechelewa kwa aliyekungoja. "Saa mbili zimepita" ni muda, yaani dakika mia moja na ishirini zimekwisha. Herufi chache tu, habari mbili tofauti. Ndiyo sababu watu wengi Mombasa husema "masaa mawili" wanapokusudia muda. Walimu wa sanifu wanalikata neno hilo kwa wino mwekundu. Katika mazungumzo halina ubaya wowote, linasaidia. Kwenye mtihani au barua rasmi andika "muda wa saa mbili". Vivyo hivyo "saa moja u nusu": ukikusudia muda, sema "saa nzima na nusu", usije ukadhaniwa unataja wakati.

Mahali ambapo kosa hili linaumiza ni kwenye dawa. Mgonjwa akiambiwa "kila saa nane", wapo wanaoelewa saa nane mchana na saa nane usiku, wakameza mara mbili kwa siku badala ya tatu. Anayetoa dawa aseme "kila baada ya muda wa saa nane" na ataje nyakati zenyewe, kwa mfano: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Aziandike kwenye bahasha. "Kutwa mara tatu" peke yake haitoshi kwa dawa inayotaka nafasi sawa, kwa sababu wengi hulisikia kama asubuhi, mchana na jioni, na usiku mzima unabaki bila dozi.

Kwa chombo chenyewe maneno ni haya: saa hutiwa betri au ufunguo, hurekebishwa, hutegwa ikuamshe. Inakwenda mbele, inabaki nyuma, inasimama. Kuzunguka kama akrabu ni kufuata mwendo wa saa, na tawafu ya Makka huenda kinyume chake.

Kuna pia "saa" zisizo na uhusiano na wakati. "Njoo saa!" ni kuhimiza. Na kitenzi kusaa ni kubaki: "wali umesaa", upo uliobaki sufuriani. Ukimsikia bibi akisema "kimesaa kidogo", usitazame ukutani, lete sahani.