Somo: Kung'oa boila la dizeli hotelini na kufunga pampu ya joto

Wadau, somo hili ni la maji moto ya kuogea, jikoni na kufulia, kwa hoteli ya vyumba 60 pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yanaingia yakiwa nyuzi 27 hivi, na hewa ina joto mwaka mzima. Hewa hiyo ni mali. Pampu ya joto haichomi kitu: inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto la hewa na kulitia kwenye maji. Uniti 1 ya umeme (kilowati 1 kwa saa 1) inatoa uniti 3 hadi 4 za joto. Hita ya koili inatoa 1 tu.

Hatua ya 1: Pima. Funga mita kwenye bomba la maji baridi linaloingia kwenye boila. Isome asubuhi na jioni kwa wiki 2, hoteli ikiwa imejaa. Tuseme umepata lita 6,000 kwa siku.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya joto. Lita mara nyuzi za kupandisha mara 1.163, gawa kwa 1,000. Kutoka 27 hadi 60 ni nyuzi 33, kwa hiyo ni uniti 230. Ongeza asilimia 20 ya joto linalopotea kwenye mabomba: 275. Lita 1 ya dizeli ina uniti 10 hivi, na boila kuukuu hupoteza robo, kwa hiyo unachoma lita 37 kwa siku. Pampu ikitoa 3 kwa 1 (tuchukue ya chini, tusijidanganye) itakula uniti 92. Weka bei za risiti zako mwenyewe uone tofauti.

Hatua ya 3: Ukubwa wa mashine na tangi. Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Fundi anasoma kibao cha boila, kinasema kilowati 150, naye anaagiza pampu ya kilowati 150. Boila ni kubwa kwa sababu kazi yake ni kuchemsha haraka kisha kuzima. Pampu inataka kinyume chake: mashine ndogo, saa nyingi, tangi kubwa. Gawa 275 kwa saa 12, unapata kilowati 23. Nunua 2 za kilowati 12. Ikifa moja, wageni bado wanaoga. Ukiweka kubwa kupita kiasi itawaka na kuzima kila dakika chache, mafuta ya kulainisha hayarudi vizuri kwenye kompresa (moyo wa pampu, inayokandamiza gesi), na kompresa inakufa kabla ya wakati wake.

Tangi liwe la lita 4,000, yaani mawili ya 2,000 marefu yaliyosimama, yameunganishwa moja baada ya jingine. Maji moto hukaa juu na baridi chini. Usivuruge mpangilio huo. Maji baridi yaingie chini kabisa, mdomo wa bomba ukielekea sakafuni ili yasirushwe juu. Sensa ya joto iwekwe theluthi ya chini. Ukiiweka juu, pampu itachelewa kuwaka hadi tangi limekaribia kupoa, na hapo ni saa 1 jioni, wageni wametoka baharini, bombani yanatoka maji ya uvuguvugu.

Hatua ya 4: Mahali. Nje, penye hewa inayopita. Ukiifungia chumba cha boila itavuta tena hewa baridi inayoitoa yenyewe. Kwa unyevu wetu itadondosha maji mengi, kwa hiyo tengeneza njia ya kuyatoa. Chagua yenye mapezi (vibati vyembamba vinavyovuta joto la hewa) yaliyopakwa kinga ya chumvi, na kila mwezi yaoshe kwa maji matamu ya bomba la kawaida. Mashine ya presha huyakunja.

Hatua ya 5: Mabomba. Kisiwa ni jiwe la matumbawe. Maji ya kisima yana chokaa na mara nyingi chumvi. Usiyapitishe ndani ya pampu. Weka kibadilisha joto cha sahani katikati (sahani za chuma zinazopitisha joto bila maji ya pande mbili kuchanganyika): upande wa pampu uwe na maji safi yanayozunguka humo humo, na ukoko wa chokaa ukae kwenye sahani, ambako utaweza kuuosha kwa asidi ya limao. Mzunguko uwe lita 70 kwa dakika kwa mashine zote mbili. Weka chujio, nonritani (valvu inayozuia maji kurudi nyuma), valvu ya usalama na tangi la kutanukia (linalopokea maji yanapopanuka kwa joto). Mashine ikizima kwa presha kubwa ya gesi iliyo ndani yake, kabla ya kugusa gesi fungua chujio. Mara nyingi limeziba tu.

Hatua ya 6: Umeme. Zote mbili zinavuta kilowati 8, karibu ampea 14 kwa kila fezi. Rilei ya kulinda fezi ni lazima: fezi moja ikipotea, kompresa inaungua.

Hatua ya 7: Nyuzi. Tangi 60, na maji yanayozunguka vyumbani na kurudi tangini yasishuke chini ya 50. Bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, hustawi kati ya 20 na 45, na mtu huwavuta kwa pumzi akiwa bafuni. Maji ya 60 yanaunguza ngozi, kwa hiyo weka valvu ya kuchanganya kabla ya bafu. Muulize muuzaji gesi iliyomo: ya R290 (propani) inafika 60 na zaidi, lakini inawaka moto, ikae nje tu.

Boila liache mwezi 1, koki zimefungwa. Kisha litoe.

MASWALI

Swali (Tanga): Nikiweka sola, ninunue betri?

Jibu: Hapana ndugu, tangi ndilo betri yako. Weka taima pampu zifanye kazi saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni: saa 7 kwa kilowati 24 ni uniti 168 za joto, zaidi ya nusu ya siku. Paneli za kilowati 14 zinatosha. Zilizobaki chukua gridi.

Swali (Mombasa): Dobi letu linatumia mvuke wa kunyooshea mashuka. Itafaa?

Jibu: Kwa mvuke, hapana. Tani 1 ya mvuke kwa saa, kwa presha ya bar 7, inataka karibu kilowati 700 za hita. Tenganisha kwanza: maji ya kufulia yapewe pampu, na maji yanayolisha boila yapashwe nayo hadi 60. Utapunguza mafuta kabla hujagusa mvuke wenyewe. Umeme wenu Kenya kwa sehemu kubwa ni wa joto la ardhini la Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, si wa kuchoma mafuta, kwa hiyo faida ni maradufu.

Swali (Paje): Umeme ukikatika?

Jibu: Swali la haki, Bi, Unguja hatujasahau kiza cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini ilipoharibika. Lita 4,000 za nyuzi 60 zikichanganywa hadi 40 ni lita 10,000 za kuoga. Kwa kukatika kwa muda mrefu, jenereta ya hoteli itabeba kilowati 8, ila ziwashwe moja baada ya nyingine, maana kompresa inavuta mara kadhaa zaidi inapoanza.

Swali (Dar es Salaam): Lakini gridi yetu ina gesi asilia. Tunaokoa nini?

Jibu: Gridi si gesi tu: bwawa la umeme la Julius Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Hata zile uniti 92 zingetoka zote kwenye mtambo wa gesi unaogeuza asilimia 45 kuwa umeme, ungechoma gesi ya uniti 204. Boila lako linachoma dizeli ya uniti 370.