Kuitunza na Kuiboresha Ndege Ndogo Uliyoiunda Mwenyewe katika Hewa ya Chumvi ya Mombasa

Wenye ndege wengi hupanga matengenezo kwa kuhesabu saa za kuruka. Mombasa hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu ndege iliyoegeshwa Port Reitz, ambako bahari iko jirani na uwanja wa ndege wa Moi, hupokea chumvi na unyevu usiku na mchana hata ikiwa haijawashwa kwa miezi mitatu. Ndege iliyoundwa nyumbani huruka saa chache kwa mwaka, kwa hiyo kinachoizeesha hasa ni muda. Ratiba yako iandikwe kwa miezi kwanza, kisha kwa saa, na kila kazi ifanywe pale kikomo kimojawapo kinapofika.

Watengenezaji wa injini wenyewe wanaagiza hivyo. Kwa injini yenye filta inayochuja oili yote, kampuni ya injini ya Lycoming inataka oili na filta vibadilishwe kila saa 50 za kuruka au kila miezi minne, na inataka injini ifunguliwe na kufanyiwa ukarabati mkuu ikifikisha miaka 12 hata kama haijamaliza saa zake. Kwa Rotax 912, injini nyingine ya ndege ndogo, mabomba yote ya mpira ya mafuta, ya maji ya kupoza na ya kabureta hubadilishwa kila miaka mitano. Mpira unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani ukiwa umeanza kupasuka, kwa hiyo usiuhukumu kwa macho.

Ipo desturi ya kuwasha injini kila Jumamosi kwa dakika kumi na kuizima, kwa nia njema ya kuiweka hai. Desturi hiyo inaidhuru injini. Oili haipati joto la kutosha kuufukuza mvuke, mvuke unageuka maji, na maji yakichanganyika na mabaki ya mwako yanazaa asidi. Katika Lycoming kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, iko juu, hivyo oili ikishachuruzika chini hubaki karibu kavu, na kutu huanzia hapo. Iruke ndege kwa nusu saa au zaidi oili ikiwa moto ipasavyo. Kama hutaweza kuruka kwa wiki nyingi, ihifadhi injini kwa oili maalumu ya kuhifadhia na uzibe matundu yake. Jaza pia matangi baada ya safari, kwa sababu nafasi tupu juu ya petroli ndiyo inayoingiza unyevu, na kabla ya kila safari toa kiasi kidogo cha mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi ukitafuta maji.

Mwili wa ndege unataka uangalifu wa aina nyingine. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, na hapa neno hilo lina uzito, maana maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Maji ya mvua ya masika yaliyokingwa safi ni bora kuliko hayo. Usielekeze maji ya shinikizo kwenye bawaba na beringi. Ukishaukausha, fungua vifuniko vya ukaguzi vya mabawa na mkia, tazama ndani kwa tochi na kioo, kisha upulize mafuta ya kuzuia kutu kwenye maungio. Unga mweupe, rangi iliyofura, au vistari vinavyojipinda chini ya rangi kama njia ya mnyoo ni alumini inayoliwa. Mkia wa vumbi jeusi nyuma ya ribiti unaonyesha kwamba ribiti imelegea na inasuguana na bati.

Alumini haisuguliwi kwa pamba ya chuma, kwa kuwa chembe za chuma zinazobaki zitaendelea kuila, wala haiwekewi alama kwa penseli, kwa sababu kaboni yake hufanya hivyo hivyo. Bolti zisizoshika kutu zinazouzwa kwa ajili ya boti huvutia, ila fundi yeyote wa boti wa Mtwapa atakueleza jinsi zinavyoila alumini zinapokutana nayo penye maji ya chumvi. Baki na bolti za ndege zilizopakwa kadimiamu, kwa ukubwa uliotajwa kwenye mchoro, na uzikaze kwa spana ya kupimia nguvu. Fremu ya mabomba ya chuma huoza kutoka ndani. Ya mbao, kagua gundi na mahali maji yanapotuama.

Sasa maboresho. Kila kitu unachoongeza au kuondoa hubadilisha uzito wa ndege na kitovu chake, yaani mahali uzito wote unapolingana mbele na nyuma, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ndege tupu ina kilo 340 na kitovu chake kiko mita 1.95 nyuma ya alama ya kupimia, yaani mahali umbali wote unapoanza kuhesabiwa. Zidisha, upate 663. Ukiondoa betri ya risasi ya kilo 8 iliyoko mita 3.1 na kuweka mahali pale pale ya lithiamu ya kilo 2, umepunguza kilo 6 na 18.6 katika zao lile. Zinabaki 644.4, gawanya kwa 334, na kitovu kimekuja mbele hadi mita 1.93. Sentimita mbili zinaweza kukitoa kitovu nje ya mpaka ndege ikiwa na rubani mmoja na mafuta kidogo, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua, kisha ipime ndege nzima kwa mizani baada ya kazi. Hakikisha pia kwamba mfumo wa kuchajia unaifaa betri ya lithiamu.

Boresho ninalolitanguliza kuliko skrini yoyote ya vyombo vya rubani ni kitoa ishara ya dharura cha megahezi 406, kwani setelaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009, na rubani wa Pwani hupita juu ya maji mara nyingi. Skrini za kisasa ni nzuri mradi ziwe na betri yake ya akiba. Injini yenye nguvu zaidi ni jambo zito: mwendo wa kikomo wa mabawa na mkia haupandi kwa sababu nguvu imepanda, na kuuvuka kunaweza kuyatetemesha hadi yavunjike.

Kabla ya badiliko kubwa, peleka michoro na hesabu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na usubiri idhini. Kazi ikiisha, andika katika daftari tarehe, saa za injini, namba za vipuri na uzito mpya, umwombe fundi mwingine akague kila usukani unaelekea upande sahihi, halafu ruka majaribio peke yako, mchana, upepo ukiwa tulivu, bila kutoka nje ya umbali wa kurudi uwanjani injini ikizimika.