Namna ya kupima unachoambiwa kuhusu chanjo ya HPV

Ukisikia mwaloni Kirumba au kwenye daladala kwamba chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, huleta ugumba, muulize kwanza msemaji amelipata wapi neno hilo, maana "nimesikia" si ushahidi. Kisha tenganisha maswali mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya: je, inafanya kazi, na je, ni salama? Jibu la swali la kwanza halitoki mbali, kwa kuwa utafiti wa DoRIS ulifanyika hapa hapa Mwanza kuanzia mwaka 2017, ukihusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliopewa dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliopata dozi moja tu walikuwa bado na kingamwili (protini za mwili za kupambana na virusi) dhidi ya HPV aina ya 16, mojawapo ya aina zinazoleta saratani hiyo.

Kuhusu usalama, mweleze muuguzi mapema kama binti ana mzio mkali, naye akishachomwa aketi dakika 15, kwani wapo wanaozimia, mara nyingi kwa hofu ya sindano. Mkono kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Uso kuvimba au kupumua kwa shida si kawaida, hivyo mrudishe kituoni mara moja.